Rangi Ilirudi, Mwendo Haukurudi

Hotuba hii niliitoa Jumapili alasiri katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya wachuuzi, wapagazi na vijana wa mikokoteni wa masoko ya Marikiti na Gikomba. Waliokuwa kazini siku hiyo wameniomba niiandike yote. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, akina mama, vijana wangu, hamjambo? Nawashukuru kwa kufunga vibanda mapema. Najua Jumapili ya soko ina thamani gani.

Mnaniita sista, nami naitika kwa furaha, maana ndiyo kazi yangu. Kwa miaka 23 nimesimama katika chumba cha upasuaji, ng'ambo ya meza, nikimpa daktari makasi, koleo na uzi. Nimeyaona matumbo ya watu wengi kuliko nyuso zao, kwa sababu uso huwa umefunikwa kitambaa. Na leo sikuja kuwaambia mle nini au msile nini. Nimekuja na habari moja tu: tumbo likikatiwa damu lina saa yake, na saa hiyo ni fupi kuliko tunavyodhani.

Nani hapa hununua matumbo kule Dagoretti, machinjioni? Inueni mikono. Naona mikono mingi. Mama wa leso ya kijani pale mbele, tusaidie. Utumbo wa mbuzi ukitolewa sasa hivi, ungali na joto, ukatiwa kwenye beseni, hufanya nini?

(Mama akajibu: "Hutambaa, sista.")

Mmemsikia? Hutambaa. Mbuzi ameshachinjwa, kichwa kiko kule, mwili uko huku, na utumbo uko kwenye beseni unajikunja na kujikunjua. Sasa nawauliza, ni nani anayeuambia utambae? Kichwa? Kichwa hakimo. Moyo? Moyo umesimama.

Utumbo unajiambia wenyewe. Ndani ya ukuta wake, katikati ya tabaka mbili za misuli, umetandazwa wavu wa neva mwembamba kuliko uzi wa buibui. Mjerumani mmoja, Leopold Auerbach, aliuona kwa darubini katika karne ya 19, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Wavu huo una seli za neva milioni 100 au zaidi. Milioni mia moja, ndani ya tumbo! Mwaka 1899, jijini London, wataalamu wawili, Bayliss na Starling, walikata neva zote zinazoingia kwenye utumbo wa mbwa kutoka nje, wakatia kitu ndani. Utumbo uliendelea kukisukuma mbele. Wakaona na kanuni yake: nyuma ya chakula misuli hukaza, mbele ya chakula misuli hulegea.

Mliowahi kujaza mutura mnanielewa vizuri. Mkono wa nyuma unakamua, mbele utumbo unafunguka. Ukikamua nyuma na mbele umeushika, utafika wapi? Hutafika popote. Kwa hiyo kuna neva zinazosema "kaza" na kuna neva zinazosema "legea", na zote zinahitajika kila dakika. Hizi za kusema "legea" zishikeni akilini, nitazirudia.

Neva hizi huishi kwa damu. Mtu akiwa ametulia, moyo wake husukuma damu lita 5 hivi kila dakika, na karibu robo yake huenda kwenye viungo vya kumeng'enya chakula. Ukishakula, huongezeka. Sehemu kubwa ya utumbo, karibu utumbo mwembamba wote na nusu ya utumbo mpana, hutegemea mshipa mmoja mkubwa wenye unene kama wa penseli. Mshipa mmoja. Huo ukiziba, au kipande cha utumbo kikabanwa mahali, kitapata wapi damu?

Sasa nataka niwaambie habari ya mzee mmoja. Sitamtaja, na mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane. Alisukuma mkokoteni miaka mingi, viazi kutoka Marikiti hadi Kariokor. Alikuwa na ngiri kinenani, henia kama wengi mnavyoiita, kwa miaka sita. Asubuhi inatoka, jioni anajilaza chali, anaisukuma kwa kiganja, inarudi. Aliizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji.

Usiku mmoja haikurudi. Ikawa ngumu, ikauma, akaanza kutapika. Akatuma mtoto duka la dawa, akameza vidonge vya maumivu, akalala. Kwa nini hakuja usiku ule? Kwa sababu alfajiri kulikuwa na lori la viazi, na siku ya lori hakuna anayekosa. Nani hapa hajawahi kupiga hesabu kama hiyo? Aliletwa kesho yake saa 4 asubuhi.

Daktari alipofungua tuliona kitanzi cha utumbo, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi vidole, rangi ya zambarau lililoiva kabisa. Ngiri ikikaba, hubana kwanza ile mishipa ya kurudisha damu, kwa kuwa kuta zake ni laini. Damu inaingia, haipati pa kutokea. Utumbo unavimba. Kisha ule uvimbe wenyewe ndio unaokaba mshipa wa kuleta damu. Daktari akalegeza tundu lililokuwa limebana. Mimi nikachovya taulo katika maji ya chumvi yenye joto, nikaufunika ule utumbo, tukaangalia saa ukutani.

Tunangoja nini pale? Tunangoja mambo matatu. Rangi irudi. Mpigo usikike kwenye mishipa midogo. Na utumbo ukiguswa, ujikunje.

Dakika 10. Nikafunua taulo. Zambarau ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Nikafunika. Dakika 5 nyingine, nikafunua: waridi. Daktari akaweka kidole, mpigo upo. Kisha akaufinya kidogo, hivi, kwa ncha ya koleo. Utumbo wenye afya ukifinywa hukaza pale pale, kama konokono aliyeguswa pembe. Ule haukukaza. Akaufinya tena, mbele kidogo. Kimya. Tukatazamana juu ya barakoa.

"Una damu, uko hai," alisema daktari. Na kweli ulikuwa hai. Akaurudisha ndani, akafunga. Sikuona kosa lake wakati ule, na sioni kosa lake leo.

Siku ya 2, tumbo la mzee lilijaa kama ngoma. Siku ya 3 nilipita wodini kumuuliza, maana sisi huuliza kila siku, na wala si aibu: "Mzee, hewa imepita?" "Bado, sista." Siku ya 5: "Bado." Mrija puani, maji ya kijani yakijaa kwenye mfuko. Ndugu zangu, mtu mzima mwenye nguvu za kusukuma magunia kumi, amelala anaomba Mungu ampe ushuzi. Mnaoweza kucheka, cheka, mimi sikuweza.

Siku ya 8 tulimrudisha mezani. Kile kipande kilikuwa bado cha waridi, bado kina damu, lakini kimetanuka na kulegea kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Ikabidi kikatwe, mwisho wa huku na wa kule ukaunganishwa. Maabara walikitazama kwa darubini. Ngozi ya ndani ilikuwa imeota upya. Misuli ipo. Lakini pale panapokaa wavu wa Auerbach, seli za neva zilikuwa chache, zimesinyaa, na mahali pengine pamebaki nafasi tupu.

Rangi ilirudi. Mwendo haukurudi.

Jambo hilo lilininyima usingizi. Nilirudi darasani kwa sababu yake, na nilichojifunza ndicho nataka mwende nacho nyumbani. Ngozi ya ndani ya utumbo ndiyo ya kwanza kuumia damu ikikatika. Ncha zake huanza kufa mapema sana. Lakini ngozi hiyo ina desturi ya kujifanya upya kila siku 3 hadi 5, kwa mwenye afya na kwa mgonjwa. Neva hazina desturi hiyo. Ngozi ni nyasi, ukikata inaota. Neva ni mvule.

Tena seli ya neva haina akiba. Ni kama mama anayenunua mafuta ya taa ya shilingi hamsini kila jioni: siku duka likifungwa, analala gizani. Kazi yake kubwa, mchana na usiku, ni kusukuma chumvi itoke nje ya seli. Oksijeni ikikatika, pampu inazimika. Chumvi inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba. Kalisi, yaani kalsiamu, inaingia kwa wingi mahali isipotakiwa, inaamsha vimeng'enya, na vimeng'enya vinaanza kuila seli yenyewe kutoka ndani.

Sasa mtaniuliza, na ni swali la haki: sista, si damu ilirudi? Si mliifungulia?

Nijibu kwa jambo mnalolijua kuliko mimi. Mgao wa maji. Maji ya bwawa la Ndakaini yakikatwa siku nne huku Eastlands, siku yanaporudi, unafungua mfereji, unapata nini? Kwanza hewa, inakohoa. Halafu maji mekundu, kutu na matope. Halafu mahali fulani bomba linapasuka. Bomba lilivumilia siku nne za ukavu, likapasuka saa ile ile maji yaliporudi!

Utumbo nao hivyo hivyo. Wakati wa ukame, seli huvunjavunja ile sarafu yake ya nguvu, ATP, na mabaki yake hulundikana. Oksijeni ikirudi ghafla, inakutana na mabaki hayo na vimeng'enya vilivyobadilika, na hapo huzaliwa chembe kali za oksijeni zinazounguza kila zinachogusa. Seli nyeupe za damu nazo hukimbilia pale kana kwamba kuna adui, zinamwaga sumu zao. Mwaka 1986, watafiti wawili wa Marekani, Parks na Granger, walionyesha jambo hili kwa utumbo wa paka. Utumbo ulionyimwa damu saa 3 kisha ukarudishiwa kwa saa 1 uliumia zaidi ya ule ulionyimwa saa 4 mfululizo.

Naomba mnielewe hapa, mtu asije akatoka akisema sista kasema damu isirudishwe. Isiporudishwa, utumbo unaoza na mtu anakufa. Lazima irudi. Ninachosema ni kwamba kila dakika ya ukame inaongeza matope ya siku ya maji. Anayefika baada ya saa 2, matope yake ni kidogo. Anayefika baada ya saa 12, hata daktari hodari vipi, anafungua mfereji wa matope.

Kule São Paulo, Brazil, kuna watafiti waliofuatilia neva zenyewe. Walifunga mishipa ya damu ya utumbo wa panya kwa muda usiotimia saa moja, wakafungua, wakahesabu. Hata baada ya damu kurudi, neva zilikuwa zimepungua. Na miongoni mwa zilizopungua ni zile nilizowaomba mzishike akilini: za kusema "legea". Sasa fikirini mutura. Nyuma inakamua, mbele haifunguki. Hapo ndipo tumbo linapojaa, hewa haipiti, chakula kinasimama njiani.

Walikuta na jambo jingine linalonigusa mpaka leo. Seli inayokufa humwaga ATP yake nje. Ile ATP inaangukia jirani, neva ambayo bado ni nzima, inafungua mlango kwenye ukuta wake, na kalisi inafurika ndani. Jirani naye anakufa. Ni kama moto Gikomba: kibanda kilichoanza hakihusiani na kosa lako, lakini mabati yenu yamegusana. Walipoufunga mlango ule kwa dawa, rangi moja ya buluu, neva nyingi zaidi zilinusurika. Hao ni panya, na dawa hiyo hamtaikuta wodini. Kwa binadamu wa leo, kinga tuliyo nayo ya kuzilinda neva hizi ni saa.

Nitasema juu ya shangazi yangu, halafu nikaribie kumaliza. Alikuwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, moyo unapapatika badala ya kupiga. Moyo wa namna hiyo, damu hutuama ndani yake na kuganda, na siku moja bonge hutoka na kusafiri. Likienda kichwani, ni kiharusi, hilo watu wanalijua. Likiteremka likaingia kwenye ule mshipa wa unene wa penseli, hilo watu hawalijui. Alipewa vidonge vya kuzuia damu kuganda. Vikaisha mwisho wa mwezi, akasema atanunua pesa zikipatikana.

Jioni moja tumbo lilimkata ghafla. Akatapika, akaenda choo mara mbili mfululizo. Walimpeleka kituo kimoja, sitakitaja. Wakamgusa tumbo, likawa laini. Tumbo laini, wakaona hakuna neno, wakampa dawa ya asidi arudi nyumbani. Lakini hiyo ndiyo alama yenyewe! Maumivu makubwa, mtu anajinyonganyonga kitandani, na ukimgusa tumbo ni laini. Maumivu hayalingani na kile mkono unachokuta. Hakuna aliyemshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Nilipopigiwa simu zilikuwa zimepita saa 14. Tulipomfungua, utumbo wote mwembamba ulikuwa mweusi. Hapakuwa na cha kufunika taulo.

Kwa hiyo nawaomba, kwa heshima zote. Ngiri iliyokuwa ikirudi na leo imegoma, imekuwa ngumu na inauma: hospitali, usiku huo huo. Tumbo limevimba ghafla, hewa haipiti, choo hakipiti, unatapika: hospitali. Mtoto mchanga anayelia kwa vipindi, anakunja miguu, na choo chake kina damu na ute: hospitali, msingoje ile dawa ya gripe ya kutuliza tumbo. Mwenye ugonjwa wa moyo akashikwa na tumbo ghafla: hospitali, na mkifika semeni kwa sauti kwamba ana moyo. Msiikandamize ngiri iliyokaza kwa nguvu. Msinywe dawa ya kuharishisha tumbo. Msile, maana huenda mkahitaji dawa ya usingizi.

Na mwandike saa. Hata kwa kalamu mkononi. Maumivu yalianza saa ngapi? Nikimuuliza mgonjwa akaniambia "tangu jana jana hivi", sijui nimwambie daktari nini. Akiniambia "saa 2 usiku, nilikuwa nafunga kibanda", hapo najua tuna nini mkononi.

Wenye ngiri inayorudi, nyinyi ndio wenye bahati. Nimeketisha wenzangu wawili kwenye meza pale mlangoni. Upasuaji wa ngiri iliyotulia hupangwa, una siku yake, unachagua wiki isiyo na lori.

Mwezi uliopita nilikuwa zamu ya mchana. Mama mmoja muuza mitumba, ngiri ya kitovu tangu uzazi wa tatu, ilikaza saa 8 mchana akiinua robota. Jirani yake wa kibanda hakungoja. Alimfungia biashara, akamwandikia "8:10" nyuma ya kiganja kwa kalamu ya kuwekea bei, akamtia kwenye teksi. Saa 11 kasorobo alikuwa mezani. Nilipokuwa nikimfunga kitambaa mkononi, ile namba bado ilikuwepo.

Utumbo ulikuwa mwekundu wa kukoza, haujafika zambarau. Taulo, maji ya joto, saa ukutani. Dakika 6 nikafunua. Waridi. Daktari akaweka kidole, mpigo upo. Akachukua koleo, akaufinya.

Ukakaza pale pale, pete nyembamba nyeupe, na ile pete ikaanza kwenda. Ilikwenda polepole chini ya vidole vyangu, kama upana wa mkono mzima, ikapita kwenye sehemu iliyokuwa imebanwa, ikaendelea upande wa pili.

"Unatembea," daktari akasema. "Sista, nipe uzi."